Nyumba Yangu Ilisema Hakuna Mtu

Niseme mapema, ili nisije nikaonewa huruma nisiyostahili: mimi mwenyewe ndiye niliyeitia akili nyumba yangu ya Lemara. Hakunishawishi mtu. Mke wangu alinikataza, jirani alinicheka, na hata fundi aliyekuja kufunga vile vidude aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni kukaa ofisini pale Themi, mbele ya kompyuta, nikiangalia magari ya watalii yanavyotembea. Kila gari ni kidoti. Kidoti kikisimama Makuyuni zaidi ya nusu saa, nampigia dereva kumuuliza anakula nini. Mtu aliyezoea hivyo hawezi kuvumilia kutojua nyumbani kwake kuna nani.

Na sababu ilikuwepo. Watoto wetu wako shule za bweni, mke wangu ni muuguzi wa zamu, nami natoka asubuhi narudi jioni. Siku moja, mchana kweupe, wezi waliingia uani wakabeba mtungi wa gesi na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba. Jirani yetu, mama mmoja mpole sana, aliwaona. Aliwasalimia, wakamwitikia vizuri, akawapa pole kwa kazi. Alidhani ni mafundi. Nilipomuuliza kwa nini hakupiga hata kelele, akasema nyumba yenu hiyo mtu hajui kama ina watu au haina, hata ukipita unajiuliza. Neno lile lilinikaa kooni wiki nzima.

Basi nikaamua nyumba ijue yenyewe. Fundi alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mzito wa kuelewa. Nyumba itatujua kwa simu zetu: simu ikishika waifai ya nyumbani, mwenye simu yupo, ikiachia, ametoka. Juu ya hapo kuna vimacho vya ukutani vinavyoona kitu kikipita, na kidude cha mlangoni kinachojua mlango ukifunguliwa. Nyumba ikikosa simu, ikakosa mpitaji, na mlango ukatulia, inaniandikia kwenye simu yangu: Nyumba haina mtu. Hapo inajifunga geti, inazima taa na pampu ya maji, halafu inaanza kuigiza.

Kuigiza ndiko nilikokupenda. Inawasha redio sebuleni kwa sauti ya juu ili mpita njia adhani kuna watu. Na mtu akigusa geti, spika niliyoificha chini ya paa inabweka. Si kubweka kwa mbwa koko. Ni mbwa mnene, mbwa aliyeshiba, mwenye hasira na maisha. Mke wangu aliponiuliza kama ni kweli kwamba tukiwepo nyumba inanyamaza na tukiondoka ndiyo inapiga kelele, nilimwambia haelewi teknolojia. Akasema ni kweli, haelewi, akaenda zake zamu.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa kuringa. Ofisini nilikuwa natoa simu katikati ya mazungumzo na kutangaza kwamba mke wangu ameingia sasa hivi, wenzangu wakiitikia kwa adabu huku wakitazama saa. Nilijiona mwenye nyumba kuliko wenye nyumba wote wa Lemara.

Sasa nimlete mama yangu. Yeyo, ndivyo tunavyowaita mama zetu kwetu. Yeye anaishi Olmotonyi, kwenye mteremko wa Meru, katika boma nililozaliwa. Baba alishafariki, ndugu zangu wako mbali, naye alikuwa amebaki na ng'ombe mmoja na kuku zake. Kutoka Lemara kwenda kule hakufiki hata saa nzima kwa gari. Mimi nilikuwa nakwenda Krismasi na kwenye misiba.

Kule nako majirani wana mtambo wao wa kujua kama mtu yupo, nao ni moshi. Asubuhi mama wa boma la pili anatazama paa la jiko la mama yangu. Akiona moshi, anajua mzima, anaendelea na shughuli zake. Siku moja mama alikuwa ameshawasha moto ndipo akateleza kwenye mlango wa zizi akaumia nyonga. Moshi ukapanda vizuri kabisa, majirani wakaridhika, na yeye akalala kwenye tope tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyemwokoa ni ng'ombe. Hakuwa amekamuliwa, akalia mpaka mtu akakereka na kuja kuuliza kulikoni. Mama mwenyewe alitusimulia hospitali huku akicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje, nikasimama kwenye korido, nikalia kama mtoto mbele ya watu wanaopita na mikojo yao kwenye vikopo.

Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu: mama ahamie kwangu, asirudi tena kulala peke yake kule juu. Mke wangu alitaka hivyo hivyo, tena kuliko mimi. Mama hakukataa. Alikubali kuja, lakini akaweka sharti lake pale pale kitandani.

"Sihamii kwa mtu mmoja, mwanangu," alisema. "Nahamia kwa watu. Nitakaa nione kama wapo."

Alichomaanisha alikieleza vizuri, hakuacha kitendawili. Sisi ni Walutheri, na mtaani kwetu kuna jumuiya inayozunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi kusali. Zamu yetu ingefika baada ya miezi miwili. Siku hiyo mama angetambulishwa kwa wenzake. Akiona wamempokea, angemwomba mchungaji wake wa Olmotonyi barua ya kuhama usharika, ng'ombe tungempa kabisa jirani wa kule anayemkamua, na maneno yakaisha. Mpaka siku hiyo yeye ni mgeni, na mgeni ana haki ya kurudi kwao. Nikahesabu Jumamosi zangu, nikaona mambo ni mepesi.

Alikuja na mkongojo, kanga zake, na kuku sita kwenye tenga. Shida zikaanza siku ya pili.

Kimacho cha uani kiliwaona kuku. Simu yangu ofisini ikaanza: mtu yupo uani, mtu yupo uani. Jogoo peke yake alihesabiwa kuwa mtu mara nyingi kabla ya chai ya saa nne kuliko mimi ninavyohesabiwa kwa mwaka. Nikakizima kimacho cha uani. Ukaja mlango. Mama hafungi mlango mchana. Kwake mlango uliofungwa mchana ni uchoyo au ni msiba, kwa hiyo anauegemeza jiwe tangu asubuhi, na simu yangu inalalamika kutwa kwamba mlango uko wazi. Nilimwomba aufunge. Aliufunga, akakaa kidogo, akaufungua tena. Nikauondoa mlango kwenye hesabu.

Vikabaki vimacho vya ndani, na ndani mama hakai. Kwetu mtu mzima hashindi ndani mchana. Anayeshinda ndani ni mgonjwa, au anajificha. Mama alikuwa ameshachoka kuitwa mgonjwa. Akajitafutia kigoda uani, kando ya jiko la nje, akashinda hapo akichambua maharage na kuwasema kuku. Nyumba ikapiga hesabu zake, ikaona haina mtu, ikawasha redio. Mwanzoni mama alidhani nimerudi mapema. Aliniambia baadaye kwamba aliinuka na mkongojo wake mara tatu siku ile kuja kunisalimia.

Mbwa naye alimsumbua. Alimtafuta siku mbili. Alimwekea ugali kwenye sahani ya bati kando ya geti, akamlaumu mke wangu kwamba si vizuri kumfungia mnyama juu ya paa. Nilipomweleza kwamba hakuna mbwa, ni sauti tu, akasema sawa. Tangu hapo mbwa akibweka hakugeuza hata shingo, na redio ikiwaka hakuinuka.

Kilichotufikisha pabaya ni bafu. Bafuni sikuweka kimacho, nina heshima zangu. Alasiri moja mama alikuwa anaoga, polepole, kwa ile nyonga yake. Nyumba ilisubiri dakika zake, haikuona mtu, ikazima pampu na taa. Mama akabaki gizani na sabuni machoni. Aliita mpaka yule jirani mpole akasikia. Geti limejifunga, ikabidi apitishie ndoo ya maji juu ya ukuta, na mama akaifuata hukohuko uani na kanga yake. Mke wangu aliporudi aliniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nami, badala ya kung'oa vile vidude, nikaenda mjini kumnunulia mama simu janja.

Ndiyo, jamani. Niliona kasoro iko kwa mama. Alikuwa na kitochi chake cha vitufe, kisichojua waifai ni nini, kwa hiyo kwa nyumba yangu alikuwa si kitu. Nikamweleza kwamba simu hii mpya ikiwa inawaka, nyumba itajua yupo, isimzimie maji tena. Aliigeuzageuza mkononi.

"Na nikifa nayo mkononi," akauliza, "itasema nipo?"

Nikamwambia Yeyo usiseme hivyo. Akasema anauliza tu. Nikacheka, naye akacheka, nikaona tumeelewana.

Ikafanya kazi, tena vizuri mno. Kwenye simu yangu kukawa na mstari mpya: Mama yupo. Nilikuwa nautazama saa nne, saa sita, saa tisa. Kabla ya hapo, tangu alipokuja, nilikuwa nampigia kila mchana kumuuliza amekula nini na nyonga inasemaje. Nikaacha. Nimpigie wa nini, na naona yupo?

Miezi miwili ikaisha, Jumamosi yetu ikafika. Mama alikuwa ameisubiri kwa vitendo. Aliagiza mtindi kutoka kwao Olmotonyi ili apike loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, ambacho alisema mjini tunakiharibu. Alitoa ushanga wake. Mke wangu alikuwa zamu na hakupata wa kubadilishana naye, akapanga viti kumi na tano uani kabla ya kuondoka. Mimi niliapa kwamba saa nane nitakuwa nimefika. Jumuiya ilikuwa ije saa tisa.

Baada ya sisi kuondoka mama alifanya jambo ambalo lingefanywa na mama yeyote wa usharika wake. Kanisani, kabla ya ibada, mzee wa kanisa husimama na kuwaambia watu wazime simu, maana hapa ni nyumbani mwa Bwana. Mama anaitii amri hiyo kuliko wote. Siku ile nyumba yetu ilikuwa inakwenda kuwa nyumba ya ibada. Kwa hiyo asubuhi kweupe, hata kabla hajaweka sufuria jikoni, aliizima simu janja, akaizima na kitochi, akazifunga zote mbili kwenye kitambaa na kuziweka chini ya mto. Halafu akaenda uani kupika.

Ofisini nilipofungua simu kwenye saa tano nikakuta: Nyumba haina mtu. Ule mstari wa Mama yupo umefutika. Nikampigia mara moja, simu haipatikani. Na mimi, msomi wa vidoti, nikakasirika. Nikajisemea mama huyu naye, siku ya wageni anatoka! Nikadhani labda akina mama wa jumuiya wamepita kumchukua. Halafu nikamsahau, kwa sababu gari moja lilikuwa limekwama kwenye tope njia ya Ndutu, na watalii walikuwa wanalalamika. Saa nane ikapita. Nilibaki nimekodolea macho kile kidoti, kana kwamba kukitazama ndiko kungekitoa topeni.

Saa tisa na robo akanipigia mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mwalimu mstaafu tunayemheshimu wote. Nikampa shikamoo yake. Akasema wako getini, watu kumi na tano, wamepiga hodi mpaka sauti zimewakauka. Ndani redio inaongea na mbwa anataka kuwala, lakini hakuna anayefungua. Alisema kwa upole kwamba wanaona labda hatujapenda ujio wao.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa fahari. Nikamweleza kwamba hiyo redio si mtu, huyo mbwa si mbwa, ni nyumba tu inawatisha wezi. Nilimweleza kirefu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mama je, si tuliambiwa yupo na anatusubiri? Nikatazama simu.

"Hakuna mtu, mama," nikasema. "Naona hapa kwenye simu. Atakuwa ametoka."

Akasema haya, Bwana apewe sifa, wakaenda kusalia nyumba ya pili. Mama yangu wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba yetu hiyohiyo, amevaa ushanga, akikoroga sufuria. Aliusikia mlio wa mbwa. Aliisikia redio. Alikuwa ameshafundishwa na mwanawe kwamba vile vitu havina maana, na hodi za watu kumi na tano zikamezwa humo humo.

Nilifika saa kumi na moja. Nilipopita ubavuni mwa nyumba nikaona kwanza viti, vyote kumi na tano, kila kimoja kimefutwa. Vikombe vimefunikwa na kitambaa cheupe. Na mama amekaa kwenye kigoda chake, mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nilijua pale pale nilichofanya, chote, bila kuelezwa na mtu.

Akasema watakuwa wamefiwa. Watu wengi hivyo hawawezi kusahau kwa pamoja. Lazima kuna msiba, na akaniomba nimpigie mwenyekiti tuwape pole. Na mimi nikamjibu labda, Yeyo, nitauliza. Nilidanganya. Mtu wa umri wangu, baba wa watoto watatu, nilimdanganya mama yangu kwa uoga wa kitoto kabisa. Mke wangu aliporudi alinitazama usoni mara moja, akavuta kiti. Tukala loshoro ya watu kumi na tano watu watatu, mama akitusihi tuongeze isiharibike.

Ya Mungu hayafichiki, na hasa Jumapili. Baada ya ibada, pale uwanjani watu wanaposalimiana, mwenyekiti alikuja akamshika mama mikono yote miwili. Akampa pole, akasema jana tulikukosa mama, tulipiga hodi sana, mwanao akatuambia redio ile ni mashine tu, na wewe umetoka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Mama hakunigeukia. Alitabasamu, akasema ndiyo, asanteni sana kwa kufika, mmetuheshimu. Akauliza hata hali za wajukuu wa yule mama. Alinistiri mbele ya watu wote wale, na kwenye gari akatazama dirishani njia nzima.

Nyumbani hakuketi. Alisimama na mkongojo wake katikati ya sebule, mahali ambapo vimacho vyote vinaona.

"Walikuambia redio inaongea, ukawaambia ni mashine?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Mimi hapa Lemara namjua nani?"

Nikasema hajui mtu bado, isipokuwa sisi na yule jirani.

"Sasa ulidhani nimekwenda wapi?"

Ningeweza kumwambia habari za simu iliyozimwa, na kweli nilianza, yaani ulimi wangu ulishafika kwenye neno waifai. Akainua mkono kidogo tu, nikanyamaza. Hakuwa anauliza habari za simu. Alikuwa anauliza ni vipi mtoto wake mwenyewe asijue kwamba mama mwenye nyonga mbovu, asiye na rafiki mtaani, aliyesubiri siku moja kwa miezi miwili, hawezi kuwa mahali pengine popote duniani ila pale. Kuku walijua.

Mwenyekiti, nilipompigia kumweleza ukweli, alilia kwenye simu, akaahidi kuleta jumuiya Jumamosi inayofuata, zamu au si zamu. Mama alimshukuru kwa moyo wote na kumwambia asihangaike. Jumanne aliwarudisha kuku kwenye tenga. Mke wangu alimsihi, akampigia magoti. Mama alimwinua, akamkumbatia, akamwambia wewe huna kosa. Neno hilo nililisikia nikiwa nafunga tenga, na nilijua limepimwa kwa ajili ya nani.

Nilimpeleka mwenyewe. Njiani, jamani mnisikie ujinga wangu, nilimwambia naweza kumwekea vimacho viwili kule zizini, vidogo tu, visivyosumbua, nikawa naona kutoka ofisini. Alisema mama wa boma la pili ataangalia moshi. Nikamkumbusha kwamba moshi ndio uliomlaza kwenye tope kutwa nzima. Akasema ni kweli, lakini aliyeangalia moshi alikuja kuomba msamaha siku ileile, na tangu hapo haangalii moshi tu, anakuja mpaka mlangoni.

Kuna jambo alilifanya ambalo sikuligundua mpaka Alhamisi. Simu janja hakuondoka nayo. Aliiacha kwenye meza ya chumba chake, imechomekwa kwenye chaji, inawaka, imeshika waifai. Alhamisi nikiwa ofisini nikafungua programu kwa mazoea, nikakuta pameandikwa: Mama yupo. Ijumaa: Mama yupo. Nyumba haikuwasha redio, haikubweka, haikuzima maji, imetulia tuli kwa kuwa ina mtu. Mke wangu alikataa kuichomoa ile simu. Alisema wewe si ndiye uliyeitaka, kaichomoe wewe. Nami sikuweza. Niliingia chumbani mara mbili, nikaishika, nikairudisha. Nikaishi hivyo wiki tatu, nikiarifiwa kila saa kwamba mama yangu yupo, na moyo unaniuma kama jino.

Jumamosi ya wiki ya nne sikwenda kazini. Niliwaachia wengine vidoti vyao, nikapanda Olmotonyi kumwomba mama msamaha na, kama atakubali, nirudi naye. Nilikuta watu wamejaa uani kwetu. Ilikuwa zamu ya mama ya kupokea jumuiya ya kule, na hakuna aliyeniambia; ningeambiwa na nani? Walikuwa wameshaimba, wengine kwenye mabenchi, wengine kwenye nyasi. Mama alikuwa mbele, na ushanga wake. Aliniona. Nikajipenyeza nyuma, nikakaa kwenye gogo ambalo marehemu baba alikuwa akikalia kunoa panga, nikavua kofia.

Ibada iliongozwa na mwinjilisti kijana aliyehamia karibuni. Kabla ya neno akasema, kama ilivyo desturi, kama tuna wageni wasimame wajitambulishe. Akasimama mama mmoja aliyetoka Ngaramtoni kumtembelea dada yake, akapokelewa. Mwinjilisti akauliza kama yupo mwingine. Mimi sikujigusa. Nimezaliwa kwenye nyumba ile pale, kitovu changu kimezikwa nyuma ya lile zizi. Sikudhani hata kidogo kwamba ananisema mimi. Lakini macho yake yalikuwa kwangu, na hayakuondoka. Akina mama walionibeba mgongoni wakainamia vitabu vyao vya nyimbo. Hakuna aliyesema huyu ni wetu. Walikuwa wanamwachia mwenye boma aseme.

"Simama ujitambulishe, mwanangu," akasema mama, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwinjilisti hakujui, na wengine wamekusahau."

Nikasimama. Nikataja jina langu, nikasema natokea Lemara, nafanya kazi Themi. Mwinjilisti akaniuliza, kama wanavyoulizwa wageni wote, nimefikia kwa nani na nitakaa siku ngapi. Nikasema nimekuja kwa mama yangu, kwamba nimemkosea, na kwamba ningependa kurudi naye. Mwinjilisti akasema karibu sana mgeni wetu, hapa ni nyumbani, na akawaomba watu wanipokee. Wakanipigia makofi matatu, yale ya kumpokea mgeni, na mama yangu akapiga pamoja nao.